Kujitolea IEEE: chukua daftari la mhazini, kiti mwachie mwenzako

Mtu akisikia unajitolea kwenye chama cha kimataifa cha wahandisi, swali lake la kwanza huwa hili: wanalipa? Hawalipi. Katika IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, hata rais wa chama kizima hana mshahara, na bado hubeba mzigo huo miaka mitatu mfululizo: mmoja akiwa rais mteule, mmoja akiwa rais, wa tatu akiwa rais mstaafu anayemsaidia aliyempokea. Wenye mishahara ni wafanyakazi wa ofisi, wengi wao wakiwa Piscataway, New Jersey. Kazi nyingine, kuanzia kuhakiki makala hadi kuandika viwango vya Wi-Fi iliyoko sebuleni kwako, hufanywa na watu wenye ajira zao kwingine, jioni, watoto wakishalala.

Kwa asiyekijua chama: kilizaliwa 1963 pale AIEE ya watu wa umeme, iliyoanza 1884, ilipoungana na IRE ya watu wa redio, iliyoanza 1912. Leo kina wanachama zaidi ya 400,000. Afrika iko Kanda ya 8 pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati, kwa hiyo Nairobi, Muscat na Berlin ni kanda moja. Chini ya kanda kuna seksheni, ambayo kwetu kwa kawaida ni nchi nzima. Chini ya seksheni kuna chapta za fani kama nishati, mawasiliano au kompyuta, na matawi ya wanafunzi vyuoni. Chapta huanzishwa na wanachama 12, tawi la wanafunzi vivyo hivyo. Watu ni wachache kiasi hicho, ndiyo maana anayejitokeza hupewa kazi wiki hiyohiyo, mara nyingi ile ambayo hakuna aliyeitaka.

Na hiyo isiyotakiwa, kwa maoni yangu, ndiyo ya kuikamata. Wengi hukimbilia uenyekiti kwa sababu unaonekana. Ila mwenyekiti hufungua mikutano, hufunga mikutano na husimama katikati kwenye picha. Akiondoka baada ya miaka miwili, mwulize amejifunza nini kipya: atakuambia amefahamiana na watu. Ni kweli, lakini hata mlinda mlango wa ukumbi amefahamiana na watu.

Mhazini ni habari nyingine. Mhandisi wa kawaida hufika miaka 35 akiwa amekokotoa mizigo ya transfoma na kilomita za kebo, lakini hajawahi kushika bajeti ambayo ikiharibika jina lake ndilo linaloitwa. Kazini fedha ni za watu wa fedha. Seksheni humpa bajeti ndogo, ya kweli, yenye wadai wa kweli, ajifunzie hapo.

Chukua kongamano la siku mbili. Ukumbi, vipaza sauti, nauli na malazi ya wazungumzaji, uchapishaji: tuseme Sh 18,000,000, nazo utalipa hata wakija watu kumi. Chakula, chai na begi ni Sh 120,000 kwa kila kichwa. Kiingilio ni Sh 300,000. Kila mshiriki anakuachia 180,000, kwa hiyo ukipata watu 100 hujala hasara. Mpaka hapo kila mtu anaipata hesabu. Kinachoangusha makongamano ni mstari unaofuata: wanafunzi wanalipa nusu. Mwanafunzi wa 150,000 anakuachia 30,000 tu. Wakija wahandisi 60 na wanafunzi 40, ukumbi umejaa na picha zinapendeza, lakini umepata 10,800,000 kwa wahandisi na 1,200,000 kwa wanafunzi. Jumla milioni 12. Umepungukiwa milioni 6 huku watu wakikosa viti.

Ndiyo sababu ada ya mwanafunzi hupangwa mwisho, mdhamini akishathibitisha kwa maandishi na kutaja tarehe ya kulipa. Ahadi ya mdomo kwenye chakula cha jioni isiingie kwenye jedwali. Mkataba wa hoteli nao huwa na idadi ya chini utakayolipia hata viti vikibaki vitupu. Iweke kwenye asilimia 70 ya watu unaowatarajia, kisha omba ruhusa ya kuipandisha siku tatu kabla. Hoteli ikikataa idadi ndogo, hiyo ni taarifa tosha kwamba nayo imeshapiga hesabu ya watu wasiokuja.

Kuna mambo madogo yanayouma zaidi ya haya. Risiti za EFD, zile za mashine za kodi, huchapwa kwenye karatasi ya joto, hufifia; iliyokaa kwenye dashibodi ya gari wiki mbili inabaki karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyohiyo na uipe jina lenye tarehe, kiasi na kazi iliyofanyika. Akaunti iwe kwa jina la chama, watia saini wawili, kamwe isiwe ya mtu binafsi hata kama ni mwaminifu kama nani. Pale kufungua akaunti kunaposumbua, seksheni inaweza kuomba fedha zake zitunzwe makao makuu na zilipwe kutoka huko. Ukipokea fedha kutoka nje, uliza ada za benki anabeba nani. Zikigawanywa pande mbili, dola 500 ulizoahidiwa zitafika pungufu, na lile pengo ndilo mkaguzi atakalokuuliza mwaka unaofuata.

Halafu kuna taarifa za mwaka. Makao makuu hurudishia seksheni na chapta sehemu ya fedha kwa kuangalia mambo matatu: orodha ya viongozi, hesabu za fedha, na mikutano iliyofanyika na kuandikwa. Seksheni inatakiwa iwe na mikutano isiyopungua 5 kwa mwaka, chapta 2. Kosa linalojirudia ni hili: mikutano inafanyika, tena mizuri, ila hakuna anayeiingiza kwenye vTools, mfumo wa mtandaoni wa IEEE wa kuandikisha mikutano. Karatasi ya mahudhurio inabaki kwenye mkoba wa mtu. Januari ikifika hakuna anayekumbuka walikuja wangapi, na fomu inataka wanachama na wageni watenganishwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa inapotea kabla hata haijafika. Ingiza usiku uleule wa mkutano. Ni kazi ya dakika 10.

Ukimaliza miaka miwili ya kazi hii, kwenye usaili wa kazi unasema: nilisimamia bajeti ya kiasi fulani, taarifa zote zilipelekwa kwa wakati, hesabu zilifungwa bila hoja ya ukaguzi. Anayekusikiliza anajua mara moja kwamba unaweza kupewa mradi. Sentensi ya "nilikuwa mwenyekiti" inamlazimu akuulize ulifanya nini.

Kazi ya pili yenye faida haina cheo kabisa: uhakiki wa makala za majarida na makongamano. Inafaa aliyeko mbali na mji mkuu, maana haidai nauli. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa jarida, unajaza maneno ya utaalamu wako, unasubiri mhariri akuite. Hapo kwenye maneno ndipo watu wanapojikwaa. Ukiandika "nishati jadidifu" utaletewa makala za mitambo ya upepo baharini ambazo huzijui. Andika kile ulichoshika kwa mikono: ulinzi wa laini za msongo wa kati, upotevu wa umeme kwenye usambazaji, chaji za betri za lithiamu. Mhariri hutafuta mtu mwembamba, hatafuti mtu mpana.

Makala moja ikadirie saa nne hadi sita. Soma muhtasari, vielelezo na hitimisho kwanza. Kama hitimisho linadai zaidi ya kile kinachoonekana kwenye grafu, umeshapata hoja yako ya kwanza. Kisha njia: je, mwingine akipewa maelezo haya anaweza kurudia kazi na kupata jibu hilo? Makala nyingi za kukadiria mahitaji ya umeme kwa kujifunza kwa mashine huanguka hapo. Data za majaribio zimechanganyika na data za kufunzia, na usahihi wa asilimia 99 unatokana na kuvujisha mtihani. Ripoti yenyewe ianze na sentensi tatu za kueleza mwandishi amefanya nini kwa maneno yako, ili mhariri aone umeelewa. Zifuate hoja kubwa zenye namba, kila moja ikitaja ukurasa na mlinganyo, kisha ndogondogo. Lugha ya makala isikupotezee muda. Na usimlazimishe mwandishi anukuu kazi zako. Wahariri wanaujua mchezo huo.

Onyo moja ambalo wengi hawalijui. IEEE inakataza kupitisha makala iliyo kwenye uhakiki katika programu za umma za akili mnemba ili zikuandikie ripoti. Makala ile ni siri ya mwandishi, na ukiibandika huko umeivujisha. Huna muda? Kataa mwaliko ndani ya siku mbili. Mhariri humkumbuka kwa wema aliyekataa mapema. Aliyenyamaza wiki sita, akaishia kuandika "makala ni nzuri, ichapishwe", haitwi tena.

Malipo yake huonekana kwenye makala yako mwenyewe. Ukishahakiki kama kumi, unajua mhakiki ataanzia wapi kukushambulia, na unapaziba kabla hujatuma. Sijui kozi ya uandishi wa kisayansi inayofundisha hilo vizuri zaidi.

Viwango ni kazi nzito zaidi, na ndiyo yenye faida ya polepole kuliko zote. Watu hudhani kiwango kinashuka kutoka juu kama amri. Kinaanza na hati ya idhini ya mradi, ambayo huishi miaka minne; kikundi kazi kinaandika rasimu; rasimu inapigiwa kura. Ili ipite, angalau asilimia 75 ya waliojiandikisha warudishe kura, na kati ya waliosema ndiyo au hapana, asilimia 75 waseme ndiyo. Wasiochagua upande wakifika asilimia 30, kura haihesabiki. Baada ya kuidhinishwa kiwango kina uhai wa miaka 10, kisha lazima kihuishwe la sivyo kinawekwa kando.

Sasa tazama kiwango namba 80, kile cha usalama wa erthi kwenye vituo vya kupozea umeme. Mhandisi hukitumia akijua kwamba mkondo ambao mwili wa kilo 50 unauhimili ni ampia 0.116 gawanya kwa kipeuo cha pili cha muda kwa sekunde, na kwamba kwa kilo 70 namba inakuwa 0.157. Kwa nusu sekunde hiyo ni kama ampia 0.164 na 0.222. Anajua pia kwamba kokoto humwagwa juu ya udongo unene wa sentimita 8 hadi 15. Anayeshiriki kwenye kikundi cha aina hiyo husikia kwa nini: namba za mwili zimetokana na majaribio ya Dalziel, mtafiti wa mshtuko wa umeme, na kokoto zipo ili kuongeza ukinzani chini ya nyayo, kwa hiyo zikijaa tope faida yake inashuka. Siku mkandarasi atakapokuambia kwamba kokoto ni urembo na zinaweza kupunguzwa bila shida, utakuwa na la kumjibu.

Kuingia kwenye vikundi vidogo vinavyokutana mtandaoni huhitaji zaidi muda na barua pepe ya kuomba. Vikubwa ni ghali. Kile cha 802.11, cha Wi-Fi, hukutana mara sita kwa mwaka, kila kikao kina ada hata ukihudhuria kwa mtandao, na haki ya kupiga kura huipati mpaka uwe umehudhuria vikao vikuu kadhaa, kila kimoja kwa angalau asilimia 75. Kwa mtu asiye na kampuni inayomlipia, sishauri kuanzia hapo.

Anayeshiriki kutoka Afrika Mashariki aangalie saa. Saa nne asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni ya Dodoma wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili wakati wa baridi. Kila Machi na Novemba kuna watu wetu wanaoingia kikaoni saa nzima kabla au baada, kwa sababu wenzao wamesogeza saa. Maoni kwenye kura yaandikwe kwa ukurasa, mstari, tatizo, na maneno kamili unayotaka yawekwe badala yake. "Sehemu hii haieleweki" haina pa kushikwa. "Futa sentensi ya pili, weka hii" lazima ijibiwe kwa maandishi, hata na watu wenye majina makubwa kuliko lako. Na ukiwa kikaoni usizungumzie bei, mgawanyo wa soko, wala kama hataza ya fulani ni halali. Mwenyekiti husoma kanuni hizo mwanzo wa kikao, na ni za kisheria.

Kazi nyingine nitazipitia haraka. Kusimamia IEEEXtreme, yale mashindano ya kuandika programu kwa saa 24 yaliyoanza 2006, ni siku moja kwa mwaka, usiku na mchana. Timu ina wanafunzi wasiozidi watatu, na inahitaji msimamizi ambaye ni mwanachama wa daraja la juu ya mwanafunzi. Huanza saa sita usiku kwa saa za Greenwich, yaani saa tisa usiku kwetu, Jumamosi, na kuisha saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili. Andaa njia mbili za intaneti kutoka kampuni tofauti, jenereta iliyojaribiwa ikiwa na mzigo, na chakula kisicholaza watu. Umeme ukikatika saa kumi na moja alfajiri, ruta ndiyo iwe ya kwanza kwenye UPS (betri ya akiba), si kompyuta mpakato zenye betri zake. Ukiwa mwajiri, usiku ule utakuonyesha mwanafunzi anayetulia pale programu inapogoma, jambo ambalo cheti cha matokeo hakina.

Kupokea mhadhiri mashuhuri nako kuna tunu yake. Jumuiya za fani huwa na wahadhiri wanaosafirishwa kwa fedha za jumuiya, na mara nyingi mwenyeji hubeba malazi na chakula. Anza miezi minne kabla: barua ya mwaliko, viza, cheti cha homa ya manjano kama anatoka nchi yenye ugonjwa huo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayepona ni yule anayempokea uwanja wa ndege, kwa sababu anapata saa nzima ya maswali kwenye foleni, wakati ukumbini atapata dakika mbili.

Kuna pia daraja la mwanachama mwandamizi, ambalo wengi wetu wanalistahili bila kujua. Sharti ni miaka 10 ya kazi ya taaluma, mitano kati yake iwe ya kazi yenye uzito. Shahada ya kwanza huhesabiwa kama miaka 3, ya uzamili 4, ya uzamivu 5. Kwa hiyo mwenye shahada ya kwanza anahitaji miaka 7 ya kazi. Ada haiongezeki. Kikwazo ni wadhamini watatu ambao tayari wana daraja hilo au la juu zaidi, na kwenye seksheni changa hao ni wachache na wana shughuli. Mhazini anawajua wote kwa sababu aliwarudishia nauli zao.

Makongamano makubwa ya kanda hutoa nafasi za kazi hizi zote kwa mpigo. AFRICON, kongamano la IEEE la Afrika, hufanyika kila baada ya miaka miwili. La 2021 liliandaliwa Arusha, Tanzania, na la 2023 likawa Nairobi. Kamati ya kongamano kama hilo huhitaji mtu wa fedha, wa makala, wa ukumbi na wa wadhamini, na huanza kukusanya watu mapema sana, wakati bado hakuna anayelizungumzia.

Gharama usizifiche, hasa nyumbani. Ukatibu wa seksheni hai unakula saa tatu hadi nne kwa wiki, na wiki mbili za mwisho kabla ya kongamano hula kila kitu. Mwajiri apewe barua mapema inayosema siku utakazokosekana, na kwamba kwenye vikao vya chama husemi kwa niaba ya kampuni. Vyeti vya ushiriki visikulevye. Vinafaa pale bodi ya usajili wa wahandisi ya nchi yako inapovihesabu kama mafunzo endelevu, na hilo liulize kabla ya kuhudhuria. Orodha ya wanachama unayoiona kama kiongozi ni siri: usiwaingize watu kwenye kundi la WhatsApp bila idhini yao. Tumia mfumo wa chama wa matangazo.

Kuondoka nako ni kazi. Faili la makabidhiano liwe na watia saini wa benki, mikataba iliyo hai na tarehe zake za mwisho, ankara ambazo hazijalipwa, mahali projekta ya chama ilipo na nani kaiazima, na akaunti zote za mtandaoni pamoja na namba ya simu inayopokea misimbo ya kuingilia. Hiyo namba ya mwisho ibadilishwe mbele ya mrithi wako, mkiwa mmekaa pamoja. Akaunti inayotuma misimbo kwenye simu ya mhazini wa zamani itakuja kujifunga siku atakayobadilisha laini, na kwa kawaida siku hiyo huangukia wiki ya taarifa za mwaka.